Karte ya duka: faida inaenda wapi?

Maneno ya komite katika mkutano wa wamemba, Nyakasanza, Bunia. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale wenye hawakufika, na kwa marafiki wenye kutusaidia kutoka mbali.



Asanteni kwa kuacha kazi za siku ya posho na kuja kuketi na sisi. Tunajua siku ya posho ni ya kufua, ni ya soko, na kwa wengine ni ya kilio. Kwa hiyo tutaingia moja kwa moja katika neno lenye lilituitisha: karte ya duka.

Wengi wenu mulishasikia. Duka moja kubwa la mjini lilileta barua kwa komite. Wanasema hivi: kila memba wa umoja wetu apewe karte. Kila mara anaenda kununua, aionyeshe pale kwenye kulipa. Mwisho wa mwaka watahesabu vyote tulivyonunua, na asilimia 2, ni kusema franga 2 juu ya kila franga 100, itaingia katika kese yetu. Kwa upande wetu wanaomba mambo mawili. La kwanza, tuhimize watu wanunue pale. La pili, tulete liste ya wamemba: majina yote, namba ya simu, na avenyu yenye kila mtu anakaa.

Jina la duka hatutalitaja. Hawakutukosea kitu. Walileta biashara yao kwa heshima, na jibu letu wamekwisha kulipata kwa mdomo wetu wenyewe mbele ya ninyi kulisoma hapa. Lakini tuliona ni vizuri tueleze namna tulifikiri, juu neno hili litarudi. Kama si duka hili, litakuwa lingine.

Tuanze na sababu yenye ilifanya tusilikatae siku ile ile. Munajua kese yetu iko namna gani. Inazika. Inatoa mama na mtoto kwenye maternite wakati fakture imebaki mezani. Inasukuma minervale ya mtoto mwenye amefukuzwa katikati ya trimestre. Na mara nyingi inafika mwisho mbele ya mwezi. Sasa tupige hesabu. Tuko familia 60. Tuseme kila familia inanunua vitu vya franga 80 000 kwa mwezi katika duka lile. Hiyo ni franga 4 800 000 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni 96 000. Kwa mwaka mzima, 1 152 000. Watu wawili wa komite waliposikia hesabu hiyo, walisema: tutie sinyatire leo. Hatuwalaumu. Mtu mwenye alishapiga simu usiku kutafuta feza ya sanduku la maiti hawezi kucheka 1 152 000.

Tena sisi ni watu wa karte. Tulipokuwa Kyangwali na Kyaka, karte ndiyo ilikuwa chakula. Ukiipoteza, watoto wanalala njaa. Tuliporudi hapa, karte ya mchaguzi ndiyo inasema wewe ni mtu wa Kongo. Bila hiyo unasumbuka kwenye barriere na kwenye benki. Kwa hiyo mtu akituonyesha karte, mkono unanyooka wenyewe. Ndiyo sababu tulisema: tungoje kwanza, tuulize.

Tulianza kuuliza wenyewe kwa wenyewe. Mama mmoja wetu, mwenye alifanya miaka Kampala akisuka nywele, alitoa ndani ya pochi karte ya Nakumatt, duka lile la Kenya lenye alama ya tembo. Ameibeba mpaka Bunia. Anasema ilikuwa na pointi, na alikuwa anazitunza kwa ajili ya kununua blenda. Munajua namna Nakumatt iliisha. Ilikuwa na maduka Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Kutoka mwaka 2017 yakaanza kufungwa moja moja, rafu tupu, wenye kuleta bidhaa hawalipwi. Januari 2020 wale wenye waliidai walipiga kura ivunjwe. Mbele yake Uchumi, duka lingine la Kenya, lilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania mwaka 2015. Na yenyewe ilikuwa na karte yake.

Hapo tulijifunza neno la kwanza. Pointi si feza. Pointi ni deni lenye duka liko nalo kwako, lakini deni bila tarehe na bila shahidi. Siku duka linaanguka, benki inasimama mbele, wenye kuleta mchele na sabuni wanasimama nyuma yake, na wewe na pointi zako za blenda hauko hata kwenye mstari. Kama benki na wenye mchele walilia juu ya Nakumatt, msuka nywele wa Kampala angepata nini?

Ndugu wengine walikaa Nairobi, wakatukumbusha Bonga ya Safaricom, yenye ilianza mwaka 2007. Unatumia simu, unapata pointi. Baadaye unazigeuza dakika ao unalipia vitu. Wengi waliipenda, na kweli iliwasaidia. Lakini mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zenye kupita miaka 3 zitafutwa. Wateja walipiga kelele mingi. Tunaitaja juu ya jambo moja tu: mwenye kuandika kanuni ya pointi ni mwenye duka peke yake. Leo pointi 100 ni kopo la sukari, kesho ni nusu kopo, na hakuna mtu alikuja kukuuliza. Hata hapa kwetu munajua bonusi za simu. Unanunua uniti, wanakuongezea dakika nyingi, unafurahi. Kiisha unaona ni za usiku wa manane, na zinaisha kesho. Nani wa kupigia saa nane ya usiku?

Neno la pili tulilipata kwa kujiuliza: kwa nini duka litoe feza yake bure? Mfanyabiashara wa Bunia hatoi franga 2 bila kujua zitarudi kwa njia gani. Tukasoma juu ya Uingereza, kwani marafiki wetu wengine wako kule na wanabeba karte hizi kila siku. Duka la Tesco lilianzisha Clubcard mwaka 1995. Kila paundi moja unapata pointi moja, na pointi ni peni moja: ni kusema asilimia 1. Mbele ya kuanza walijaribu kwanza katika maduka machache. Inasemekana mkubwa wa Tesco wa wakati ule alipoonyeshwa matokeo aliogopa, akasema wenye kuhesabu karte walijua zaidi juu ya wateja wake kwa miezi 3 kuliko yeye kwa miaka 30. Hiyo ndiyo faida ya duka. Linajua nani ananunua maziwa ya mtoto, nani ameacha kununua nyama, nani atakubali bei ipande na nani atakimbia. Na faida nyingine: mwenye karte harudi kuuliza bei mahali pengine. Anasema, niko na pointi zangu pale.

Tuwe wa haki. Kule Ulaya karte inaweza kuwa na maana. Siku hizi maduka mengi ya Uingereza yako na bei mbili juu ya kitu kimoja, moja ya mwenye karte na nyingine ya mwenye hana. Mwaka 2024 ofisi ya serikali yenye kusimamia mashindano ya biashara ilichunguza bidhaa karibu 50 000, ikakuta kwamba 92 juu ya 100 ya mapunguzo hayo yalikuwa ya kweli. Kwa hiyo, rafiki yetu mwenye unasoma hii kutoka Leeds ao London, chukua karte yako, usiache bei ya chini mezani. Lakini ofisi ile ile iliwaambia watu waendelee kuzunguka na kulinganisha bei, juu duka lingine linaweza kuwa chini zaidi hata bila karte. Hiyo ndiyo kazi tuliamua kufanya hapa.

Tulituma wamama wawili na kalamu. Walienda mahali 3: duka lenye karte, depo moja karibu na soko kuu, na butiki ya avenyu. Hawakununua, waliandika bei tu. Sabuni na chumvi zilikaribiana pote. Sukari kwa kopo ilikuwa juu kidogo kwenye butiki, lakini mama wa butiki anaongeza matabisi, na matabisi yake inafunika ile tofauti. Kwa mchele wa mfuko wa kilo 25, duka lilisema 62 000, depo ikasema 60 000. Sasa asilimia 2 ya 62 000 ni 1 240. Ni kusema kwa kila mfuko, duka linaturudishia 1 240 mwisho wa mwaka, baada ya sisi kulitolea 2 000 leo. Tunapoteza 760 na tunasema asante.

Kiisha kuna moto. Wenye wanakaa pembeni ya kartye hawawezi kubeba mfuko kichwani kutoka mjini. Tuseme familia 20 tu ndizo zinapanda moto, mara 2 kwa mwezi, franga 3 000 kwenda na kurudi. Hiyo ni 120 000 kwa mwezi. Na zawadi yote ya duka kwa familia zote 60 ni 96 000. Wenye moto watafurahi. Kese haitaona kitu.

Hapo tungeweza kufunga, lakini kulikuwa tena na mambo mawili yenye hesabu haiyaonyeshi.

Jambo la kwanza ni butiki. Hapa Nyakasanza, nani hana mama wa butiki wake? Unamwita "mama", anakuita "kiliya wangu". Hana karte, ana kaye. Katika kaye ile kuna jina lako la utoto, na mstari: sabuni 1, mafuta nusu litre, atalipa kisha mwezi. Wakati tulirudi, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kutoka Oicha na Beni, nyumba bila mabati, nani alitupa chumvi ya kwanza bila kutudai siku ile? Haikuwa duka la mjini. Duka la mjini halikopeshi sukari mtu mwenye mtoto anaumwa. Watu wanasema matabisi ni kitu kidogo. Ndiyo, ni kidogo, lakini unaipata pale pale, mkononi, unaiona na macho. Hakuna mwenye alishasikia kwamba matabisi yake imefutwa kwa sababu imepita miaka 3.

Lakini tusimsifu mama wa butiki kupita kiasi. Deni la kaye liko na bei yake. Mwenye kukopa hawezi kubishana juu ya bei, na wengine kati yetu wanafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya kulipa mwezi wenye umepita. Hiyo pia inakufunga mahali pamoja, sawa na pointi. Tofauti ni kwamba mama wa butiki anakaa avenyu moja na wewe, na siku ya kilio anakuja.

Jambo la pili ni liste. Hapa tuliongea kwa sauti ya chini, na tunaandika kwa sauti ya chini.

Sisi watu wa Ituri tunajua liste ni nini. Jina la ukoo linasema unatoka upande gani. Namba ya simu inasema namna ya kukupata. Avenyu inasema mlango. Umoja wetu uko na watu wa pande zote. Ndivyo tulivyouanzisha, juu tulikimbia barabara moja na tulilala kambi moja. Majina hayo yote juu ya karatasi moja, katika duka lenye watu wanaingia na kutoka, chini ya mikono ya wafanyakazi wenye hatuwajui, sisi wa komite hatuwezi kulala usingizi. Hatusemi duka liko na nia mbaya. Mwenye duka anaweza kuwa mtu mwema, na kesho akauza biashara, ao akaibiwa ordinatere, na liste ikabaki.

Ndugu mmoja mwenye alisoma sheria alitueleza kwamba nchi yetu iko na sheria ya mambo ya numerike tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu yenye kulinda habari za mtu. Ni vizuri. Lakini tuliuliza duka: liste itakaa wapi, nani ataifungua, na mtu akitaka jina lake litoke inafanyika namna gani? Yule mwenye alitumwa kwetu alikuwa mpole, akasema ataenda kuuliza. Hakurudi na jibu la hayo.

Kwa sababu hizo, komite ilikataa karte ya umoja. Liste haikutoka. Neno hilo tulipiga kura, na halikupita bila ubishi. Vijana wawili walisema, na tunaandika maneno yao juu ni ya heshima: "Munatunyima feza juu ya woga. Duka liko njiani kwetu, tunapita pale kila siku. Asilimia 2 ya bure ni ya bure." Wana haki kwa upande wao. Mtu mwenye anapita pale kwa miguu, ananunua vitu vyenye bei yake ni sawa na kwingine, analipa feza mkononi, anaweza kuchukua karte yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Umoja haumkatazi. Tunamwambia tu mambo manne.

Moja, angalia bei kwanza, pointi nyuma. Kitu chenye kiko juu kwa franga 50 juu ya 1 000 hakiwezi kuokolewa na asilimia 2.

Mbili, usinunue kitu juu ya pointi. Kama haukukihitaji asubuhi, haukihitaji saa sita.

Tatu, pointi usizizeeshe. Zikifika kiasi cha kupata kitu, chukua kitu. Kumbuka tembo wa Nakumatt.

Ine, toa habari kidogo. Kama wanahitaji namba, toa namba. Avenyu na majina ya watoto si bei ya sukari.

Sasa wengine waliuliza: munakataa, lakini munaleta nini? Swali ni la haki. Kese bado iko tupu.

Tulirudi nyuma katika historia kidogo. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale kule Uingereza, watu 28, baadhi yao wafuma nguo, maskini kama sisi, walichanga feza wakafungua duka lao wenyewe. Walianza na vitu vichache tu: unga, siagi, sukari, shayiri. Waliuza kwa feza mkononi, hakuna deni. Faida ya mwisho waligawanya kati ya wamemba, kila mtu kadiri alivyonunua. Angalieni vizuri: kwa macho inafanana na karte. Ukinunua zaidi, unarudishiwa zaidi. Lakini wao walirudishiwa faida ya duka lao wenyewe, si asilimia 1 ao 2 yenye mwenye duka amependa kutoa, na kaye ya majina ilikaa kwao. Kutoka pale kooperative zilienea dunia nzima.

Sisi hatuwezi kufungua duka leo. Lakini kununua pamoja tunaweza. Tulirudi kwenye depo na kuuliza: familia 10 zikinunua mifuko 10 ya mchele siku moja, feza mkononi, munapunguza ngapi? Walipunguza 2 500 kwa kila mfuko. Hiyo ni 25 000. Mwenye mkokoteni alichukua 5 000. Ikabaki 20 000. Nusu yake, kila familia ilipunguziwa 1 000. Nusu nyingine, 10 000, iliingia kese siku ile ile, mbele ya macho ya watu. Kama tungechukua mifuko hiyo 10 kwa karte, tungelipa 620 000, na duka lingetuandikia 12 400 za kungoja mwisho wa mwaka. Kwenye depo tulitoa 575 000 na mkokoteni 5 000.

Haikwenda bila makosa. Familia mbili hazikuleta feza kwa siku yenye tulipatana, na komite ilifanya kosa la kutoa katika kese kwa kuwaokoa. Moja imelipa; nyingine bado, na hatumtaji mtu. Kutoka sasa, sawa na wale wa Rochdale: feza kwanza, mfuko nyuma. Tena mfuko mmoja ulikuwa umelowa chini, na tuliuona tu tulipofika. Depo waliubadilisha siku ya pili, lakini wakati mwingine tutafungua na kutazama pale pale.

Na mtu mwenye alituuliza swali gumu kuliko yote ni mama mmoja memba, mwenye butiki. Alisimama katika mkutano akasema: "Ninyi munakataa duka kubwa juu ya kunilinda, kiisha munanunua mifuko na kunipita. Mimi nitauzia nani?" Watu walinyamaza. Ilikuwa kweli, na hatukuwa tumelifikiria. Tulikaa juu ya neno hilo kuliko neno la karte. Mwisho tulipatana hivi: tutanunua pamoja mchele na mafuta tu, vitu vya mfuko na bido. Sukari ya kopo, sabuni ya kipande, chumvi, viberiti, vinabaki kwa butiki zetu. Na mwenye butiki akiwa memba, anaandikisha mifuko yake katika oda yetu, anaipata kwa bei ya depo, anaiuza kwa kopo kwa wale wenye hawana feza ya mfuko mzima. Mama yule alisema ataona. Tunaelewa. Atahukumu na macho, si na masikio.

Kwa marafiki wenye kutusaidia kutoka mbali, neno moja. Mumoja wenu alituandikia kwamba mpango wa karte ungekuwa mzuri juu ungetoa hesabu safi, kila kitu kwenye ordinatere. Tunaelewa haja yenu; munachanga na munataka kuona. Kwa hiyo kila miezi 3 tutawatumia kopi ya kaye ya manunuzi: mifuko ngapi, bei gani, mkokoteni ngapi, kese imepata ngapi. Mutaona hesabu zote. Majina hamutayaona, na sasa munajua kwa nini.

Je, karte ya duka iko na faida? Iko nayo kwa mtu mwenye angenunua pale hata bila karte, kwa bei yenye haimpiti. Kwa mwingine yeyote, karte inamgharimu kuliko inavyompa. Na kwa umoja kama wetu, familia 60 kusimama pamoja mbele ya depo ni nguvu yenye hatutaki kuigeuza kipande cha plastiki chenye jina la duka la mtu mwingine.

Oda ya pili inafungwa siku ya posho ya kwanza ya mwezi wenye unakuja. Mwenye anataka mchele ao bido ya mafuta alete feza kwa mweka kese mbele ya saa nne ya asubuhi, na asaini kwenye kaye. Tunahitaji tena watu wawili wenye macho mazuri wa kufungua mifuko kwenye depo.